Zikiiva, Nitakuja Kuchuma

Asubuhi nyingine tena fundi cherehani alikuta maua ya pilipili yamedondoka chini, meupe, madogo, yametapakaa kama nyuzi zinazobaki sakafuni baada ya kazi. Aliinama, akaokota moja, akaligeuzageuza kiganjani. Mdudu hakuligusa. Halikunyauka. Lilikuwa limeanguka tu, zima, na kikonyo chake.

"Sasa nyinyi mnataka nini?" akaiuliza miche. "Maji nawapa. Samadi nawapa. Au mnataka niwaimbie?"

Upande wa pili wa ukuta dobi alikuwa anaanika mashuka ya watu. Ukuta wenyewe mfupi, dobi mwenyewe mrefu, kwa hiyo katika uwanja ule mdogo wa nyuma hakuna jambo fundi alilofanya bila shahidi.

"Ikikujibu, niite," akasema dobi.

"Anika mashuka yako."

"Naanika. Jua la bure hili." Dobi akatazama angani kwa furaha ya mtu ambaye nguo zake zinakauka kabla hajafika mwisho wa kamba. "Lakini mwenzangu, unajitesa kwa lipi? Pilipili si zimejaa tele sokoni?"

Angemwambia nini? Mambo mengine ukiyasema mbele ya dobi yanasikika hadi mtaa wa pili kabla nguo hazijakauka.

Jua la kiangazi kile halikuwa na adabu. Liliingia uwanjani mapema, kabla mtu hajanawa uso, likakaa humo kutwa nzima bila kuaga. Ikifika saa sita mchana, mabati ya paa yalilia ko, ko, ko, na chuma cha cherehani kiliunguza vidole. Bomba nalo likawa linatoa maji kwa kudeka, leo linatoa, kesho linakohoa tu. Miche ilikuwa mizuri, na hilo ndilo lililomuuma fundi zaidi. Majani ya kijani, mashina imara, maua kila tawi. Lakini ua likifunguka asubuhi, jua likipanda, chini.

Miche hiyo ilikuwa ya mkewe. Fundi maishani mwake hakuwahi kupanda hata mchicha. Mkewe ndiye aliyekuwa na mkono. Akichomeka kijiti ardhini, kinachipua. Kila mwaka alipanda pilipili kichaa, zile ndogo zilizopewa jina la haki kabisa, akazichuma zikiwa nyekundu, akazisaga na chumvi na siki, akajaza chupa. Fundi hakuwahi kula chakula bila chupa ile mezani. Watu walimtania kwamba chai tu ndiyo iliyosalimika na pilipili yake.

Kisha binti yao, muuguzi katika mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi, akajifungua. Mumewe alikuwa dereva wa lori, akiondoka ameondoka. Mama akaitwa. Mwezi mmoja tu, walisema.

Siku ya safari fundi aliamka amenuna. Alijua kwa nini amenuna, ila hakuwa na neno la kulisema. Mkewe alizunguka nyumba akimwelekeza: unga huu hapa, jiko linawashwa hivi, taulo hizi usizichanganye na zile, pilipili umwagilie…

"Kwani mimi mtoto?" fundi akamkata kauli. "Nenda zako. Nitapika, nitafua, na hizo pilipili zako zitaiva bila wewe."

Mkewe akasimama, kamba ya mzigo mkononi. "Zitaiva bila mimi?"

"Zitaiva."

"Haya," akasema taratibu. "Zikiiva, niambie. Nitakuja kuchuma."

Akapanda basi. Pengine aligeuka kumtazama mumewe, pengine hakugeuka. Fundi hakujua, maana wakati huo alikuwa ameinamia viatu vyake kwa ukaidi, akijifanya anafunga kamba iliyokwisha kufungwa. Jambo hilo alibishana nalo moyoni mara nyingi baadaye.

Mwezi ule mmoja ukapita, ukavuta mwenzake, na mwenzake akavuta wengine. Mjukuu alishaanza kukaa mwenyewe. Na chupa ya pilipili iliyoachwa kabatini ilishafika mwisho. Mwanzoni fundi alijipakulia kijiko. Baadaye akawa anachovya ncha ya kisu. Sasa alitia maji ya moto ndani ya chupa tupu, akaitikisa, akamimina kwenye chakula yale maji yenye wekundu wa kubahatisha. Hayakuwasha hata kidogo. Yalibaki na harufu tu, na harufu yenyewe ilikuwa ya mikono ya mkewe. Mtu mzima yule, mwenye mvi zake, alikula polepole akitazama kiti cha upande wa pili wa meza, na hamu iliyomshika haikuwa ya chakula.

Jioni walizungumza kwa simu, mtoto akishaogeshwa. Walizungumza nini? Pilipili.

"Pilipili vipi?"

"Zipo. Zinaendelea."

"Zimetoa maua?"

"Maua tele."

"Yanashika?"

"Yanashika."

Fundi alimsikia mkewe akipumua, akasikia na sufuria ya nyumba asiyoijua ikigongwa mahali. Neno lilimpanda kutoka tumboni, likafika kwenye meno, likageuka likarudi lilikotoka.

"Haya basi," akasema mkewe. "Nisalimie dobi."

"Amesikia," fundi akajibu, na kweli nyuma ya ukuta dobi alikuwa ameitikia.

Angeweza kumuuliza mkewe dawa ya maua kudondoka. Lakini kuuliza kungekuwa kukiri kwamba haziivi bila yeye, na fundi alikuwa ametamka kinyume chake kwa kinywa chake mwenyewe. Basi akajitibia kwa akili yake. Mchana jua likiwa la utosi, aliona miche imelegeza majani, akaihurumia, akaimwagia ndoo nzima. Kesho yake hivyo hivyo. Majani ya chini yakaanza kugeuka njano, maua yakazidi kudondoka. Ndipo akachukua ua moja, akalifunga ndani ya leso, akaenda nalo sokoni.

Mama muuza pilipili alikuwa amekaa nyuma ya mafungu yake, anajipepea kwa kipande cha boksi. Fundi alifungua leso mbele yake.

"Nini hii?"

"Ua la pilipili."

"Naliona. Unauza?"

Wateja wawili wakaangua kicheko. Fundi akahisi masikio yanamchoma, akaeleza haraka haraka: jua, maji, maua, majani ya njano.

"Mwenye pilipili yuko wapi?" akauliza yule mama.

"Amesafiri."

"Si umpigie umuulize?"

"Hapana. Siwezi."

Mama akaacha kujipepea. "Mmegombana."

"Hatujagombana."

"Haya, hamjagombana. Sikiliza, baba. Joto likizidi, pilipili haishiki ua. Mti unatupa maua ili wenyewe uishi. Na wewe unakuja mchana kuumwagia ndoo! Unaozesha mizizi. Maji asubuhi, chini kwenye shina, basi. Mchana uwekee kivuli. Halafu ngoja joto lipungue."

"Litapungua lini?"

"Mimi nauza pilipili, siuzi mawingu." Wale wateja wakacheka tena. Lakini fundi alipogeuka kuondoka, mama akamwita. "Zitakazoshika zitakuwa chache. Ila utazikoma. Pilipili ikipigwa na jua namna hii, ukali wote inauweka ndani."

Fundi akarudi nyumbani, akatoa bitana nyeupe iliyobaki kwenye suti ya mteja, akakata, akaunganisha. Hakuwa na sababu yoyote ya kuikunja pindo, maana pilipili hazijali pindo, lakini mkono wake haukukubali kitambaa kitoke nje ya nyumba hii bila pindo. Akasimamisha fito nne, akakitandaza juu ya miche.

"Ebo! Mashela kabisa!" akapiga kelele dobi. "Sasa bibi harusi ni yupi hapo?"

"Nitakuziba mdomo kwa bitana hii hii."

Siku zikapita, miche ikaacha kulegea mchana, majani yakarudi kijani. Lakini usiku wenyewe ulikuwa wa moto, na maua yaliendelea kudondoka chini ya kivuli chake kizuri chenye pindo.

Jioni moja mkewe hakuanza na pilipili.

"Fundi, binti anaomba nikae mpaka mtoto atembee."

Fundi alikuwa amesimama mlangoni. Akakaa chini, pale pale kizingitini.

"Wewe unasemaje?" akauliza mkewe.

Neno lile likapanda tena. Lilifika kwenye meno, na safari hii fundi alifungua kinywa kabisa, lakini kilichotoka ni kingine.

"Pilipili zimeiva."

"Ati?"

"Zimeiva. Nyekundu. Njoo uchume."

"Kwa jua hili?"

"Kwa jua hili hili."

"Nionyeshe basi. Kesho mchana binti yuko nyumbani, nipigie kwa video."

Fundi akakata simu, akashika kichwa. Kwanza simu yake haikuwa na video. Ilikuwa na tochi tu. Pili, pilipili.

Simu ilipatikana kwa dobi, baada ya fundi kulazimika kumweleza jambo lote pale ukutani, na dobi kumlazimisha alieleze mara ya pili ili alifurahie vizuri. Pilipili zikapatikana sokoni, nyekundu, zinang'aa. Yule mama alipomuona ananunua alifumba midomo kwa nguvu, akamwongezea kidogo za bure.

Asubuhi ile fundi hakushona nguo ya mtu. Alichagua uzi, akaulinganisha na majani mpaka akapata kijani chenyewe hasa. Akakaa chini ya bitana na sindano yake nyembamba, akazifunga pilipili za sokoni kwenye matawi, moja moja, kwa fundo dogo la kufichwa, lile analotumia kwenye nguo za harusi. Jasho lilimtiririka mgongoni. Alipomaliza alirudi nyuma hatua chache, akafinya jicho moja kama anayekagua bega la koti. Ilikuwa kazi safi. Hata dobi alikiri.

"Fundi, kwa kweli huu ni utapeli wa kiwango cha juu."

Mchana wakapiga simu, dobi akaishika juu ya ukuta kwa heshima zote. Uso wa mkewe ukatokea. Alikuwa amekonda kidogo, amefunga kitambaa cha kichwa ambacho fundi hakukijua. Kitambaa hicho kilimchoma kuliko jua. Miaka yote hiyo hakuna nguo mkewe aliyovaa ambayo hakuijua mshono wake.

"Umekonda," akasema mkewe.

"Wewe umekonda."

"Tuone hizo pilipili."

Dobi akasogeza simu. Pilipili zikajitokeza, nyekundu katikati ya kijani, nzuri kupindukia. Mkewe akatazama. Akatazama muda mrefu.

"Sogeza karibu. Hapo hapo. Fundi."

"Naam."

"Pilipili zangu hutazama wapi?"

Fundi hakuelewa swali. Alimtazama dobi, dobi naye akainua mabega.

"Kila mwaka nazipanda hapo uwanjani, unapita mbele yake asubuhi na jioni," akasema mkewe. "Pilipili kichaa hutazama juu, Fundi. Zinasimama. Hizo zako zote zinaning'inia."

Fundi akageuka kuzitazama. Kweli. Zote zilikuwa zimelala chini kwenye nyuzi zake, zinayumbayumba kwa upepo kidogo, kama hereni dukani.

"Lo!" akasema dobi, na simu ikaanza kutikisika mkononi mwake.

Mkewe alicheka. Alicheka mpaka akapotea kwenye kioo, likabaki dari la nyumba ngeni, kikasikika kicheko tu. Aliporudi alikuwa anajifuta macho.

"Umezishona?"

"Nimezifunga tu."

"Uzi gani?"

"Kijani. Nilitafuta kinacholingana."

Akacheka tena, lakini safari hii kicheko kilikatika njiani. "Kwa nini, Fundi?"

"Si wewe ulisema zikiiva utakuja."

Dobi akaacha kucheka. Mkewe akasogeza uso karibu na simu.

"Nilisema vile kwa sababu uliniudhi. Mpaka leo nakuuliza pilipili, pilipili, pilipili. Ulidhani nina shida ya pilipili? Huku zimejaa dukani. Nilikuwa namngoja mtu aseme neno moja."

"Neno gani?"

"Unalijua."

Fundi akatazama ardhi. Kulikuwa na maua mapya chini, ya asubuhi ile. "Chupa imekwisha," akasema.

"Siyo hilo."

"Nyumba imekuwa kubwa."

"Karibu, lakini siyo hilo."

Dobi aliinua uso, akaanza kukagua vibanio kwenye kamba yake kwa umakini ambao hajawahi kuvipa, huku mkono mmoja bado umeshikilia simu juu.

"Rudi," fundi akasema. Sauti ilimtoka nene, ya mtu mwingine. "Nimekukumbuka mpaka nimechoka. Nilisema uongo siku ile. Hakuna kinachoiva hapa bila wewe. Rudi, mke wangu."

Mkewe aliziba mdomo kwa mkono. Kabla hajajibu, sura ya binti yao ikaingia kwenye kioo, mtoto begani.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Baba, nimesikia yote. Sikatai." Alijifuta macho kwa nepi ya mtoto. "Nauliza tu. Mama akirudi, huyu nimwache na nani? Zamu zangu nyingine za usiku. Baba yake yuko njiani, hata simu haishiki. Niambie wewe, nitafanya utakavyosema."

Fundi akaona aibu. Alikuwa mtu wa kupima, na alijua kitambaa kisichotosha nguo mbili. Ukikigeuza hivi hakitoshi, ukikigeuza vile hakitoshi, na ukijifanya hujaona utakata upande wa mtu. Akamtazama mjukuu wake, ambaye alikuwa anajaribu kula kioo cha simu.

"Hapana, mama," akasema. "Mama yako akae. Usilie. Wewe sasa ni mzazi, usilie mbele ya mtoto."

Akamwashiria dobi akate simu. Lakini mkewe alikuwa amerudi kwenye kioo, macho mekundu, na sauti yake ile ya kuamuru iliyokosekana nyumbani.

"Fundi, usikate. Nikuulize. Hiyo cherehani yako imepandwa ardhini?"

"Cherehani?"

"Ina mizizi?"

Dobi ndiye aliyejibu, akiinamia simu kutoka juu.

"Haina mizizi, shemeji. Mimi nimeiona. Ina miguu."

Haikuwa safari ya kuamka na kuondoka. Kulikuwa na nguo za watu, na fundi hakuwahi kumwachia mteja nguo nusu. Alishona, akapiga pasi, akawakabidhi wenyewe. Kila mteja alimuuliza, sasa fundi unatuachia nani, naye akawajibu kwamba anamfuata mkewe, kwa furaha isiyo na huruma hata kidogo. Pilipili za sokoni alizikata nyuzi, akazisaga mwenyewe na chumvi, vibaya sana, akala nazo hivyo hivyo.

Katikati ya shughuli hizo mawingu yakaja. Mvua haikunyesha, yalipita tu, yakakaa siku chache, na usiku ukapata ubaridi kidogo. Asubuhi moja fundi alitoka uwanjani na kopo la maji, akamwagia shina, akainama kuokota maua yaliyodondoka. Hayakuwapo. Akainua uso taratibu. Kwenye mche wa pembeni, chini kabisa ya bitana, palikuwa na kitu kidogo cha kijani, kifupi kuliko kucha ya kidole kidogo. Kilikuwa kimesimama wima, kinatazama juu.

Fundi hakumwita dobi. Alikaa nacho peke yake kwanza.

Siku ya kuondoka, pilipili ile moja ilikuwa imekua, ngumu, ya kijani iliyokolea vizuri lakini bado ya kijani. Aliuchimba mche ule na udongo wake, akaupandikiza kwenye kopo tupu la rangi. Mingine akamwachia dobi pamoja na ufunguo.

"Asubuhi tu," akamwambia. "Kwenye shina. Mchana usithubutu."

"Nimekusikia ukiiambia miche hayo kila siku. Nimeyakariri." Dobi akaushika ufunguo, akautazama. "Sasa mimi nitamcheka nani hapa?"

"Jicheke mwenyewe."

Walipeana mikono juu ya ukuta, na hakuna kati yao aliyeachia haraka.

Cherehani ikaingia kwenye buti la basi. Kopo halikuingia, fundi alilipakata safari nzima, na kila jua lilipohamia dirisha lake, alitandaza leso juu ya mche na kuishikilia mpaka basi likate kona. Jirani yake wa kiti alimtazama mara kadhaa, akaona bora alale.

Mkewe alikuwa amesimama kituoni, mtoto mgongoni, na kile kitambaa cha kichwa ambacho fundi hakukijua. Fundi alishuka na kopo kifuani. Watu walikuwa wanasukumana kugombania mizigo, wao wakasimama tu, wazee wawili, hawajui waanzie wapi. Mkewe akatazama kopo.

"Haijaiva," akasema.

"Najua. Nimeshindwa kungoja."

Akasogea karibu. Harufu yake ilikuwa ile ile, chini ya sabuni ngeni. Alinyoosha mkono, akaishika ile pilipili kwa vidole viwili. "Hii haina uzi?"

"Angalia mwenyewe."

Aliizungusha, akaivuta kidogo kutafuta uzi. Ikakatika, ikabaki mkononi mwake. Wote wawili wakaitazama, ile moja iliyoponea kiangazi kizima. Fundi akainua uso, akaona machozi yanamshuka mkewe, mashavu yote mawili, wala hayafichi.

Akababaika. Akafanya alichozoea, akakimbilia kwenye pilipili.

"Ni kali hizo," akasema haraka. "Jua la mwaka huu… yule mama wa sokoni aliniambia, zitakuwa chache lakini kali. Usijiguse macho."

Mkewe akaifunga ile pilipili ndani ya kiganja, akaegemeza paji la uso kwenye bega la mumewe.

"Sijaiuma bado," akasema.